Noti za Guyo zilizotufikisha Malindi

Siamini, na sijatulia. Tangu Alhamisi nakaa, nasimama, naenda dukani bila kitu cha kununua, narudi.

Guyo wetu wa ofisi ya mifugo hapa Garsen ametuacha. Tulimzika siku hiyo hiyo alasiri, na mpaka sasa mkono wangu unaenda kwenye simu nimwulize kesho tunachanja wapi.

Wengi mlimjua kama yule jamaa wa noti. Alikusanya noti ambazo hazijawahi kutumika, hasa zile ngumu kupatikana. Hazina mkunjo, hazina alama ya kidole. Alizipanga kwenye albamu yenye mifuko ya plastiki.

Ofisini tukipewa allowance ya field kwa cash, yeye alikagua ya kila mtu kwanza. Siku moja boss alimwuliza kama ile ni meeting au soko. Guyo aliomba msamaha huku macho yake yako kwenye noti za boss.

Joto la Garsen mnalijua. Kabla ya kufungua albamu alinawa, akajikausha hadi katikati ya vidole, akafunga leso kwenye paji la uso ili jasho lisidondoke.

Tuliwahi kwenda Bura kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye meno, kwa sababu mkulima mmoja alisema ana noti ya zamani ya shilingi ishirini, mpya kabisa. Kumbe mzee alikuwa ameiosha na kuipiga pasi! Kwa wakusanyaji, hiyo imeharibika.

Guyo aliishika, akaisifu, akanywa chai, akamwambia mzee aendelee kuitunza. Tukapanda pikipiki, tukarudi.

Nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akanieleza kwamba alipokuwa mdogo baba yake aliuza fahali, akalipwa noti zilizochakaa na kuunganishwa kwa selotepu, na maduka yakazikataa. "Nilitaka tu kujua noti inakuwaje kabla watu hawajaisumbua," aliniambia.

Sasa niwaambie kilichotokea. Fatuma, mkewe, ameniruhusu.

Jumapili ile mchana Guyo alishikwa na maumivu ya kifua. Kliniki wakasema apelekwe Malindi haraka. Mtandao wa simu ulikuwa umepotea tangu asubuhi, hakuna kutuma pesa, hakuna kutoa. Jirani alikuwa na gari, lakini tangi lilikuwa karibu tupu.

Mimi mfukoni nilikuwa na sarafu tu. Nikazunguka kugonga milango ya wenzangu, nikakuta nao wako hivyo hivyo. Siku hizi nani anakaa na cash nyumbani?

Niliporudi, Fatuma alikuwa ameshatoa albamu. Noti za zamani zisizopokelewa tena aliziacha. Alichukua zile za toleo la sasa, zenye namba za herufi za kwanza kabisa kuchapishwa, ambazo Guyo alizihangaikia miaka mingi.

Tukasimama kituo cha mafuta. Guyo alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Fatuma, akamwona anavyozichomoa kwenye plastiki. Fatuma akasema, "Nisamehe, baba Halima."

Guyo akamjibu kwa taabu, "Toa, mama. Toa zote."

Mhudumu alizipokea, akazikunja mara mbili, akazitia mfukoni. Guyo aliutazama ule mfuko mpaka gari likaondoka.

Malindi walimpokea, akapata nafuu kidogo. Aliongea na mama yake. Alimtania Halima, binti yake, kuhusu nywele zake. Alimweleza Fatuma ng'ombe wepi wako kwa nani. Tukaanza kupanga kurudi. Alhamisi alfajiri moyo ukasimama.

Tangu hapo nakagua kila noti. Nilirudi kile kituo, mhudumu akaniambia zilishaenda. Nimeomba kuangalia kwa muuza nyama, kwa mama wa chapati, hadi maduka ya Tarasaa. Watu wananitazama vibaya, na siwalaumu.

Chapisho hili nililiandika kwanza ili niweke namba za noti zile, alizoziandika Guyo kwenye albamu, nanyi mnisaidie kutafuta. Kabla sijaliweka nilimpelekea Fatuma asome. Alisoma lote, akanirudishia simu.

"Shemeji Komora, acha kuzitafuta," akasema. "Bila zile angefia hapa hapa sebuleni, na tusingesemezana."

Kwa hiyo namba nimezifuta. Kutulia, bado.

Guyo, ndugu yangu, kesho ng'ombe wa kule Wenje wanasubiri chanjo, na mimi ndiye nitakayeendesha pikipiki yako. Breki zake sijazizoea, nitaenda polepole. Wewe lala tu, salama.