Asubuhi Nilipowafungia Wakubwa Maji

Kwa miaka mingi kazi yangu Kolwezi ilikuwa kufungua na kufunga maji ya bomba, na mtu akiniuliza leo ni siku gani ya kazi hiyo ninayojivunia, sihitaji kufikiri. Ni asubuhi niliyofunga vana ya mtaa wa wakubwa, mwaka ule mvua ilipochelewa.

Kiangazi sisi tumekizoea. Kuanzia mwezi wa tano mbingu hukauka, vumbi jekundu la barabara ya migodi hutanda juu ya mabati na nguo zilizoanikwa, nasi hungoja mwezi wa kumi. Mwaka ule mwezi wa kumi ulikwisha bila tone. Wa kumi na moja ukaingia na mawingu yaliyopita juu yetu kama wageni wenye haraka. Waliotoka Nzilo walisema maji ya bwawa yameshuka hadi mawe ya chini yanaonekana. Umeme wa pampu ukawa unakatika ovyo, na visima vyetu vikawa vinatoa nusu ya maji yaliyozoeleka.

Ndipo serikali ya jimbo ilipotoa amri, ile tunayoiita arete. Ilibandikwa kwenye ukuta wa biro yetu, yaani ofisi. Kuosha magari kwa maji ya bomba, marufuku. Kufyatua matofali, marufuku. Kumwagilia bustani, marufuku. Na kila mtaa utapata maji kwa zamu, siku moja yanakuja kwa saa chache, siku mbili hayaji, bila ubaguzi. Nilisimama pale nikaisoma yote, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, kwa sababu nilijua mimi ndiye nitakayeitekeleza kwa mikono yangu.

Vana ni kifungio cha chuma kilichofukiwa kwenye shimo kando ya barabara, juu yake pana kifuniko cha zege. Ukitaka kuifunga unaingiza ufunguo mrefu unaofika kifuani, wenye mpini wa kushika kwa mikono miwili, unazungusha huku umeinama. Ufunguo huo niliufunga kwenye baiskeli kwa mpira wa tairi. Kila asubuhi nilipita mtaa kwa mtaa, hapa nafungua, pale nafunga. Kabla ya ukame watu walinisalimu vizuri. Baada ya wiki moja ya zamu, wengine waligeuza uso waliponiona.

Siku moja, katika mtaa mmoja wa chini karibu na soko, nilimkuta mama ameketi juu ya kifuniko cha vana. Nilimfahamu. Alikuwa mkunga aliyestaafu. Alizalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, na mmoja wa kwangu pia. Kando yake palikuwa na mabido, yale madumu ya njano ya kuchotea maji, yamepangwa mstari, mengi matupu, na wanawake wenye mabido hayo walisimama nyuma yake.

Nikamwambia, "Mama, naomba utoke. Saa yenu imeisha."

"Ilianza saa ngapi?" akauliza. "Maji ilikuya saa tatu. Sasa ni saa tano. Batu iko bangapi apa? Angalia we mwenyewe."

"Najua, mama. Lakini ni arete. Ni ya bote."

"Ya bote?" Aliniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wanaume waliochelewa kuleta wake zao hospitali. "Tata, mutoto wa dada yangu anafanyaka kazi ya kufua kule ku mtaa wa bakubwa. Anasema kule maji haikatikake. Majani yao iko kijani. We njo unafungaka maji ya Kolwezi. Kule ulifunga?"

Jibu nililijua. Siku ya kwanza ya zamu, shefu wangu alikuwa amenivuta kando akaniambia, "Ile vana ya juu, ya wakubwa, iache. Nitaiangalia mimi mwenyewe." Nami niliiacha. Nilijiambia kwamba mtu wa ufunguo hachagui, anatumwa tu.

Mkunga alinyanyuka polepole, akapangusa vumbi kwenye kitenge chake. "Funga," akasema. "Sheria mi sikatae. Lakini ufunge na kwao."

Nilifunga. Sikumbuki kufunga vana nyingine kwa aibu kama ile. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alikuwa anawaogesha watoto ndani ya beseni, na maji yaliyobaki aliyaweka kando ya kudekia nyumba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ukifunga kule, watakufukuza?"

"Inawezekana."

Akamtoa mdogo kwenye beseni. "Basi vaa shati la Jumapili. Wakikuita biro, wasikukute kama mutu wa kuomba."

Kesho yake nilipanda mtaa wa wakubwa na shati jeupe. Ratiba iliyobandikwa biro ilisema siku hiyo hawana maji. Nilikuta mpira wa maji umetupwa juu ya majani unamwaga peke yake, na dereva mmoja anaosha kwa mpira mwingine gari lililokuwa safi tayari. Kifuniko cha vana kilikuwa kimefichwa na maua. Niliyasogeza, nikaingiza ufunguo. Haikukubali. Ilikuwa imeganda kwa kutoguswa, ikabidi nitie mafuta, ningoje, nijaribu tena, nirudishe nyuma kidogo, nisukume. Jasho lilinitoka hadi shati likanishika mgongoni. Mwishowe ikazunguka.

Dereva aliutazama mpira mkononi mwake maji yakipungua hadi yakawa uzi.

"Tata, maji inakatika."

"Ndiyo. Ni zamu."

"Zamu? Ata kwetu?"

"Ata kwenu."

Dirishani mwa jikoni mwanamke mmoja alitoa kichwa, akatuangalia, akaziba mdomo kwa kanga yake ili asicheke kwa sauti.

Kabla ya saa sita niliitwa. Shefu alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, simu ikilia naye haishiki.

"Nani alikutuma?"

Nilikuwa nimenakili arete yote kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Niliiweka mezani. "Hii hapa, shefu. Imeandikwa bila ubaguzi."

"Unajua ni nani wanaokaa kule?"

"Najua. Napita huko kila wiki."

"Rudi ukafungue."

"Nitarudi, shefu. Uniandikie tu. Andika kwamba ule mtaa uachwe, utie sahihi. Nikipata karatasi naenda sasa hivi."

Alichukua kalamu. Kisha akaiweka chini, akaniambia nikangoje nje.

Nilingoja kwenye benchi la korido tangu adhuhuri hadi ofisi zilipoanza kufungwa. Watu waliingia na kutoka, wengine wakiwa na suti, wengine wakizungumza kwa ukali. Nilisikia shefu akipiga simu huku na huku, akiuliza nani atatia sahihi. Hakupatikana hata mmoja. Kila mmoja wao alitaka maji yake, na hakuna aliyetaka jina lake chini ya karatasi ile. Mwishowe shefu alitoka, amechoka kama mimi.

"Zamu itaendelea," akasema. "Kule juu pia. Ufunguo uuache hapa."

Niliuacha. Wiki zilizofuata nilipangua mita mbovu uani, kazi ya mtu aliyeadhibiwa. Lakini mtaa wa wakubwa ulikatiwa maji kwa zamu kama mitaa mingine, na habari ilikuwa imekwisha kusambaa mjini. Mkunga alitundika ubao wa shule kwenye bomba la mtaa wake. Kila siku ya zamu wanawake waliandika hapo saa maji yalipokuja na saa yalipokwisha, na chini yake, kwa habari za yule mpwa wake, saa za kule juu. Watu wa serikali walipopita waliusoma. Hakuna aliyethubutu kuufuta. Nilipita hapo siku moja nikiwa na bido kwenye baiskeli, bila ufunguo. Mkunga aliwaambia wenzake wanipishe mbele nijaze bido langu, nami nikakataa, nikasimama nyuma kwenye mstari.

Mwenzangu aliyepewa ufunguo alikuwa kijana mwenye nguvu, lakini hakuzijua vana zetu. Nyingine zinafungwa kwa kuzungusha kushoto, zimewekwa hivyo tangu zamani, na hakuna mahali palipoandikwa. Aliilazimisha moja hadi mti wake, kile chuma cha ndani kinachozunguka, ukakatika. Shefu aliniita, akanisukumia ufunguo juu ya meza. Nikautengeneza ule mti, nikaendelea na mizunguko yangu.

Mvua ilinyesha mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili, mchana, kwa kishindo, watu wakaweka nje kila sufuria. Baada ya muda arete ikaondolewa ukutani.

Asante ya serikali sikupewa. Nilipewa barua ya onyo, iliyosema nilifunga vana bila kungoja maelekezo ya mkubwa wangu. Niliomba nakala, na karani akashangaa. Barua hiyo naitunza kabatini, ndani ya bahasha moja na vyeti vya shule vya wanangu. Wanaponiuliza kwa nini nimeiweka huko, huwa ninawapa waisome wenyewe.