Jenereta Nililomchagulia Mama Mkwe

Jamani, kuna aibu ukiisimulia inapungua na kuna nyingine inazidi, hii yangu inazidi, lakini nitasema tu maana kijiji kizima cha Zagayu, ukweni kwangu, wanaijua. Mimi ndiye niliyeua mashine ya kusaga ya mama mkwe wangu. Mimi, mwalimu wa fizikia pale Bariadi, ninayefundisha watoto wa watu umeme!

Mashine ile ndiyo iliyokuwa inamlisha yeye na familia tangu baba mkwe afariki. Shida yake ni umeme, ukikatika umekatika, wamama wanageuza na ndoo zao, basi mayu (ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama) akauza dume lake la mwisho la kulimia ili anunue jenereta. Fundi Masunga, aliyeifunga hiyo mashine, akamwambia atafute la kVA arobaini. Mayu akanipigia simu: "Mwanangu, wewe umesoma. Nimsikilize fundi?"

Ningesema msikilize, yangeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kuja, ukweni nilikuwa natafuta heshima, na nilikumbuka kibao cha mota ya ile mashine kimeandikwa kW kumi na tano, nikamwambia mayu huyo anakutia gharama bure, kW na kVA ni kitu kimoja, mota kumi na tano, jenereta kumi na tano, nunua.

Siku ya kuliwasha, umeme umekatika tangu asubuhi, nikawekewa kiti mbele (kiti cha mkwe msomi!), wamama wamejaa na ndoo za mahindi na mtama. Masunga akasoma kibao cha jenereta, akaguna.

"Mwalimu, kVA siyo zote zinageuka kuwa kazi. Hapa utapata kW kumi na mbili tu, na mota ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo. Hili halibebi."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, nikamuuliza mbele za watu yeye fizikia kasomea wapi.

Tukawasha. Jenereta likaguna, mota ikalia mmmm bila kuzunguka, swichi ya kinga ikajizima. Tukarudisha, ikajizima tena. Wamama wakaanza kucheka chinichini, shemeji zangu wananitazama, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, ndipo nikamwambia Masunga aitoe hiyo swichi aunge waya moja kwa moja. Akakataa, akatia bisibisi mfukoni, akasogea pembeni. Nikachukua koleo, nikaunga mwenyewe! Moshi ulitoka kwenye mota, ukafuata wa jenereta, watu wakakimbia na ndoo zao, na tulipozima koili zilikuwa zimeungua zote.

Halafu, sikilizeni msiba huu, hata robo saa haijapita umeme ukarudi. Taa ya kibanda cha mashine ikawaka mchana kweupe, sote tukaitazama, mota imekaa pale imekufa. Kabla yangu mayu alikuwa na mashine inayosaga umeme ukiwepo, sasa hana hata hiyo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wamama wakajitwika ndoo kuelekea kijiji cha pili. Mayu akaingia ndani, nikajua anafuata fimbo, akatoka na ndoo yake mwenyewe ya mahindi, maana chakula cha jioni kilikuwa bado kinahitaji unga. Akasimama mbele yangu.

"Wabeja, mwanangu. Ulitaka kunisaidia."

Ananishukuru! Afadhali angenitukana, angenizaba kibao, angenifukuza ukweni. Akaingia kwenye mstari nyuma ya wateja wake, akaenda, nami nimesimama na koleo mkononi.

Nimeapa: fundi akisema, mimi nanyamaza, hata awe hajamaliza darasa la saba. Lakini kiapo hakisagi mahindi, na mayu mpaka leo anajitwika ndoo kwenda kusaga kwa watu.