Gato ya Pome Aliyoifunua Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, moshi wa makala unaniuma macho na mama mkwe yuko njiani kutoka Kambove. Nilikuwa msichana bado, nimechumbiwa na Ilunga, na Likasi, mji wetu wa migodi huko Kongo, ilikuwa imelala chali. Ilikuwa ile miaka ya tisini. Mashine za mgodi zimenyamaza, baba anaenda kazini na kurudi mikono mitupu, na duka la keki la mjini, lile lenye vioo, limeporwa mpaka milango.

Mama mkwe alikuwa na mdomo. Alipita sokoni akisema, "Kule jiko limelala baridi. Ule binti atapikia mutoto wangu nini? Matembele kila siku?" Maneno yakatufikia kabla ya chakula cha jioni. Na kwetu, chakula cha wakwe ndicho kinachoamua. Kinaletwa mbele yao kimefunikwa, na mkubwa wao anafunua mbele ya watu wote. Kikiwa kibaya, ni aibu ya ukoo mzima, na uchumba unaweza kufia pale pale.

Mjomba wangu, dereva wa lori, alikuwa ametuletea kikapu cha matofaa kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi tunaita pome. Barabara ilikuwa imezipiga mpaka zikawa na mabaka meusi, na mama akataka kuzitupa. Nkambo wangu, bibi mzaa mama, akamtazama tu.

"Meno yangu imeisha, lakini ulimi ingali. Leteni kisu, tupike gato." Gato ndiyo keki kwetu.

Akatoa palipooza, palipo pazima akapakatakata. Nikatwanga mdalasini na karafuu kwenye kinu, tangawizi nikaiponda. Unga wa ngano ulikuwa kiganja tu, tukauongezea wa mahindi, tukauchekecha mpaka ukawa vumbi. Mayai ni ya kuku wetu. Tanuri? Tanuri gani, na umeme umekatika? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulikuwa na sufuria nzito ya chuma na mbabula, jiko letu la makala. Tukakoroga vyote na pome, tukamimina sufuriani: moto chini, na juu ya mfuniko tukapanga makala mengine mekundu.

Mara nikasikia wakwe wanabisha hodi. Wamewahi. Nami sijui ndani ya sufuria kuna gato au kuna tope. Mkono ukaenda kwenye mfuniko. Nkambo akaupiga kwa mwiko.

"Toa mukono, weye. Gato ni kama mutoto ku tumbo. Unapasua tumbo juu ya kuona kama iko na macho?"

"Nkambo, na kama imeungua?"

"Ikiungua, Ilunga nitamuchukua minye mwenyewe. Ni bwana yangu pia."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Lakini bibi alisema kweli: ukifunua, majivu yanaingia, moto wa juu unakimbia, na gato inabonyea katikati kama shimo la mchimbaji. Nikakaa, nikanusa. Mdalasini ulipojaza ua wote, Nkambo akasema, "Sasa." Tukafagia makala, tukafuta mfuniko, tukaifunga sufuria kwa kitenge. Nikaibeba hadi sebuleni bila kuona kilichomo.

Mama mkwe akafunua.

Mwanangu, mvuke ulipanda mpaka majirani wakachungulia dirishani. Gato imevimba, rangi ya shaba mpya, pome zimelainika kama asali. Akala kipande. Akala kingine. Kisha mwanamke yule wa mdomo akasema mbele ya wote, "Nilisema hawa bantu wako na njaa. Kumbe mwenye njaa ni minye." Kipande cha kupeleka Kambove akakifunga mwenyewe kwenye leso. Kizuri chajiuza.

Sufuria ile iko kwangu hata leo, na Ilunga pia, amenenepa.

Basi sikia. Ukitukanwa, usijibu kwa mdomo, pika. Ukikosa tanuri, tafuta mfuniko. Kilichopigwa na barabara usikitupe, kata palipooza tu. Na kazi ukiisha kuifanya sawasawa, acha moto uimalize, usiifunue kwa woga. Mvumilivu hula mbivu, na mimi nilikula na wakwe zangu.

Mungu akuwekee moto chini na moto juu, mwanangu, na siku watu watakapokufunua, wanuse mdalasini.