Nyayo Zilizoishia Nyansurura

Nilikuwa Musoma, kituo cha mabasi, nikiwa sijaamua kama niende Mwanza au nirudi nilikotoka, simu ilipoanza kuleta taarifa ya msiba. Iliingia kutoka kwa mtu mmoja, kisha mwingine, kisha kwenye kundi la waandishi ambalo sijawahi kujitoa ingawa ni muda sijaandika habari za kila siku. Maneno yalikuwa yaleyale: mwandishi mwenzetu wa Tarime amefariki dunia baada ya pikipiki aliyopanda kugongana na lori akitoka kazini Kewanja. Hata neno lililokosewa herufi lilikosewa vilevile kwa wote. Wakati naweka mzigo wangu kwenye basi la Tarime, redio ya dereva nayo ikasoma pikipiki na lori. Kwa mtu mwingine hapo ndipo shaka ingekwisha. Mimi ndipo yangu ilipoanza, na aliyenifundisha shaka hiyo ni marehemu mwenyewe. Nikampigia mdogo wake. "Pikipiki gani, kaka?" akasema, sauti imekauka kwa kulia. "Dada amefia kitandani, hapahapa Bomani. Nimemshika mkono mimi. Si kile kifua chake cha tangu masika?"

Wasomaji wa safu hii hamkumfahamu, ila huenda mliwahi kumsikia. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea, wale ambao redio na magazeti huwaita "mwandishi wetu" siku habari ikiwa nzuri, na siku nyingine hawapokei simu zao. Mkurya wa Tarime, mrefu, mcheshi, mwenye kicheko kilichotangulia kuingia chumbani kabla yake. Nilipokuwa naishi Bomani, pale Tarime mjini, kabla miguu haijaniwasha tena, tulikuwa tunakunywa chai kwa mama mmoja nyuma ya maduka, waandishi wote wa mji kwenye benchi moja. Naikumbuka benchi ile kuliko nyumba nyingi nilizowahi kulala. Pale ndipo palipokuwa na kitu tulichokiita mgao. Kwa kuwa hakuna chombo cha habari kilichotupa gari wala nauli, na wilaya zenyewe ni pana, mmoja akipata habari aliwagawia wenzake. Kila mtu alibadilisha mstari wa kwanza, akaituma anakotuma. Ulikuwa wema, na sitaukana leo. Mwenzetu akiuguliwa na mtoto, jina lake halikupotea kwa mhariri, maana tulimwandikia.

Kisha ikaja semina. Wawezeshaji walitoka Dar es Salaam, wakatukusanya katika ukumbi wa hoteli mjini, waandishi wa Tarime na Serengeti, wakatufundisha kupiga picha kwa simu, kuandika wasifu wa kumtumia mhariri, kujilinda kwenye vurugu. Yalikuwa mambo mazuri, na mwalimu alikuwa mtu mpole. Siku ya pili akauliza tunahakikishaje kwamba habari ni ya kweli. Mwenzetu mmoja akajibu haraka, "Tunaangalia kama na wenzetu wa vyombo vingine wanayo." Mwalimu akaitikia kwa kichwa na kuiandika ubaoni. Hapo marehemu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao wengine ndio sisi tuliomo humu."

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, akauliza ana maana gani. Akaeleza kuhusu mgao. Kicheko kikapungua. Mmoja akanong'ona, "Dada, umekuja kusoma au kutuchoma?" Mwalimu akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa katika habari moja ya hivyo, anayekwenda kwenye tukio ni nani?"

"Wakati mwingine ni mmoja," akasema. "Ile ya ng'ombe wa Nyansurura hakwenda mtu. Niliipata kwa simu, nikawagawia."

Sote tuliikumbuka. Huku kwetu ng'ombe wakiibwa watu hupiga yowe, wakafuata nyayo. Zikiishia kwenye mji wa mtu, kwenye boma lake, mwenye mji na majirani zake hutakiwa kuzitoa, yaani wasaidie kuonyesha wezi wamepitia wapi kutoka hapo. Hiyo haina maana kwamba yeye ni mwizi. Wezi wanajua kupitisha mifugo katikati ya zizi la mtu asiye na habari, nyayo zichanganyike. Aliyempigia simu mwenzetu alimwambia nyayo zimeishia kwa mzee fulani wa Nyansurura, Serengeti. Yeye akaandika kwamba mzee amekutwa na ng'ombe wa wizi. Baadaye nilimuuliza inakuwaje yeye, mtoto wa mfugaji, akosee jambo hilo. Akanijibu, "Nilijua tofauti. Lakini mhariri wa mjini angeniuliza, nyayo kuishia maana yake nini? Nikamrahisishia." Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Na wahariri walipoona habari kwa wenzao, kila mmoja akaona imethibitishwa.

Kilichompata mzee tulikisikia kidogo kidogo. Majirani waliacha kuchunga naye. Wakwe watarajiwa wa mwanawe walisimamisha mazungumzo ya mahari. Na kule mtu akishaitwa mwizi wa ng'ombe, haijulikani ni asubuhi ipi watu watakuja na mapanga. Baada ya semina mwenzetu alimwendea kila aliyekuwa kwenye mgao ule, akimwomba arekebishe. Hawakutaka. "Ukisahihisha wewe, sisi tutaonekana waongo," mmoja akamwambia pale kwenye benchi. Mwingine akasema, "Habari imeshalala, unaiamshia nini?" Akawajibu kwamba mzee hajalala. Tangu siku hiyo akaondolewa kwenye mgao, na akija kwenye chai watu walikumbuka wana shughuli mahali.

Niliongozana naye kwenda Nyansurura, kwa sababu mimi sijui kukataa safari. Tulipita Kewanja, malori ya mgodi yakitufunika vumbi, yeye akinionyesha nyumba alizoziandikia habari baada ya kuzifikia, na zile alizoziandikia bila kuzifikia. Tulipofika alisalimia, "Shikamoo baba," akajitaja ni nani, akasema ndiye aliyeandika ile habari. Mzee akanigeukia mimi.

"Na wewe mura, kijana wangu, ni wa redio?"

Nikasema nimemsindikiza tu. Akamrudia. "Binti, siku mliponiita mwizi mlikuwa wengi. Leo umekuja peke yako."

"Ndiyo, baba. Siku ile pia nilikuwa peke yangu. Ila wewe hukujua."

Mzee akaguna, akaagiza tuletewe viti. Mwenzetu alirekodi maelezo yote ya mzee, akatuma kila mahali. Redio moja tu ndiyo iliyorusha, na haikuwa saa ya taarifa ya habari. Majirani walirudi kuchunga naye. Wakwe hawakurudi. Sijui kama hiyo inaitwa kusafishwa jina.

Msibani Bomani waandishi walikuja wengi, na naamini walimlilia kweli. Nilimtafuta aliyeandika taarifa ya pikipiki nisimpate. Kila niliyemuuliza alisema aliikuta kwenye kundi. "Wote walikuwa nayo, kaka." Nikasema basi turekebishe, familia inaumia. Kijana mmoja akanijibu kwa upole, "Marehemu atapungukiwa nini?" Huku nyuma mdogo wa marehemu alikuwa anaulizwa na kila anayeingia ni dereva gani wa lori, amekamatwa au bado, na kila mara ilimlazimu aanze upya kueleza namna dada yake alivyokata roho.

Kabla ya kwenda makaburini nikaona mzee amesimama nje ya uzio, kofia mkononi, vumbi la njiani hadi magotini. Nilimtambua, yule wa Nyansurura. Nikamsalimia, akanishika mkono hakuniachia.

"Redio imesema pikipiki," akasema. "Nikasema ngoja nije niulize mwenyewe. Ni pikipiki kweli?"

Nikamwambia ni kifua. Akarudia neno hilo polepole, kama anayelikabidhi mahali salama, ndipo akaingia kwenda kumpa pole mdogo wa marehemu. Yeye pekee, kati ya wote waliofika siku ile, hakumuuliza habari za lori.

Semina zitakuja nyingine, na waandishi waende, kuna mengi ya kujifunza. Mimi naomba tu waanze na swali lile la mwalimu ukumbini, kabla ya kamera na kabla ya wasifu: nani alikwenda? Sisi tulioko mbali na miji mikubwa ndio macho ya nchi huku, na macho kumi yanayotazama kupitia tundu moja yanaona kilekile, hata kama ni kosa. Nimeandika haya baada ya kufika. Aliumwa kifua, alifia Bomani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake. Nawe mwandishi mwenzangu ukitaka kuiandika, usiichukue kwangu. Nenda kaulize.