Nilimtafsiria mama mkwe nikiwa nje ya dirisha, na ripoti ikamwacha Wanjala

Wakuu, hamjambo.

Niko Kitale, nauza mbegu na dawa za mifugo, sitafuti kura ya mtu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mke wangu ameyasoma kabla sijapost. Amesema nitoe ile sehemu ya kumponda mtafiti. Nimeipunguza tu.

Nimeona mkibishana hapa kama mashirika ya kimataifa ya haki za binadamu yanapima nchi zote kwa kipimo kimoja. Mmoja anasema ni watakatifu, mwingine anasema ni mabeberu. Mimi niliwahi kuwa mkalimani wao siku moja, kwa hivyo nipeni nafasi.

Shemeji yangu Wanjala alikuwa fundi wa pikipiki pale Kimilili. Kijana wa kucheka sana, na mdomo wake haukuwa na breki.

Kulikuwa na kipande cha ardhi karibu na soko ambacho kiligawanywa kwa njia za ajabu. Kwenye mkutano wa hadhara Wanjala akasimama, akasema kwa sauti yale wengine walikuwa wananong'ona.

Siku ya soko wakaja wanaume na gari lisilo na namba. Mchana kweupe wakamtia ndani. Spana yake ilibaki pale chini. Hatujamwona tena. Ni akina nani, sijui, na sitabahatisha hapa.

Tulizunguka vituo, hospitali, mochari, kuanzia Bungoma hadi huku Kitale. Hakuna kitu.

Baada ya muda mrefu akaja mtafiti wa shirika moja kubwa, jina naliweka kapuni. Mama wa heshima, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alitaka kuongea na mama mkwe wangu, nyumbani kwake Misikhu.

Mama mkwe alikubali kwa sababu moja. Alisema, "Mtoto wangu hana kaburi. Basi jina lake liandikwe mahali watu wa dunia wanasoma."

Shida ikawa lugha. Mkalimani aliyetoka Nairobi alijua Kiswahili na Kiingereza, na mama akianza kulia Kiswahili chote humtoka, inabaki Lubukusu, lugha yetu ya nyumbani. Mke wangu alijaribu, lakini kila akifika kwa jina la kaka yake sauti inakatika. Majirani waliojua Kiingereza wakaogopa, na siwalaumu.

Nikabaki mimi.

Sasa wale wasio wa kwetu waelewe. Kwetu Bukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawaketi nyumba moja. Hatusalimiani kwa mkono. Nikimwona njiani ninakata kona. Si chuki, ni heshima. Miaka yote niliyooa binti yake sijawahi kumtazama usoni vizuri.

Kwa hivyo tukapanga hivi: mama ndani na mtafiti, mimi nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Anasema, natafsiri. Kuku wanapita miguuni pangu. Kuna mahali alinyamaza sana, na mimi huku nje nikawa nalia bila kujua kama yeye pia analia.

Tulipomaliza mtafiti akaniuliza kwa nini sikuingia. Nikamweleza yote, tena kwa fahari kidogo, nikijua mgeni amejifunza mila. Akatabasamu, akaandika.

Ripoti ilipotoka niliisoma kwa simu nikiwa dukani, wateja wakingoja. Kenya ilipewa sehemu ndogo. Kuhusu Kimilili kulikuwa na sentensi moja, ati kuna madai ambayo hayakuweza kuthibitishwa. Wanjala hakutajwa.

Nikaendelea kusoma. Kuna nchi nyingine, siitaji tusije tukapigana humu, ilikuwa na kurasa na kurasa. Majina ya waliopotea yote yapo. Mashahidi wengi walihojiwa kwa simu, kutoka mbali, hakuna aliyeona sura yao.

Wakuu, niliumia. Shahidi wa simu anaaminika, lakini mama aliyeketi na mtafiti chumba kimoja, akampikia chai, haaminiki?

Nikampigia yule mtafiti. Namheshimu kwa sababu alishika simu na hakunizungusha.

Akaniambia ile nchi nyingine inawafungia nje, kwa hivyo simu inakubaliwa, hakuna njia ingine. Kenya wanaingia, kwa hivyo wakubwa wake wanataka zaidi. Walipoona mkalimani ni mkwe wa familia, tena amekaa nyuma ya ukuta, shahidi hamtazami, wakasema huenda mama alikuwa anamwogopa au amefundishwa ya kusema.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo makosa yetu ni kukufungulia mlango?"

Akasema samahani. Nilisikia kwamba anamaanisha, na haikunisaidia.

Nikirudia kichwani naona sababu yao si ya kijinga. Nchi inayowafungia nje, mashahidi wake walegezewe kipimo, sawa. Lakini mama wa Misikhu hakuchagua nchi ya kupotezewa mtoto.

Kumwambia mama, ilibidi nimtume mke wangu, maana bado sikuweza kwenda mbele yake. Nilibaki barabarani, chini kidogo ya boma.

Mke wangu alirudi macho mekundu. "Amesema wakirudi uingie ndani."

"Niingie wapi?"

"Ndani, bana. Uketi mtazamane. Amesema heshima ameilinda maisha yake yote, lakini Wanjala ni mtoto wake."

Ninyi mnaojua mila zetu mnajua mwanamke wa umri ule ametoa kitu gani.

Nilichojifunza ni kidogo. Shirika likija kwenu, tafuteni mkalimani asiye wa ukoo, na awe uso kwa uso na shahidi. Wao hawajui mila yako, na wakiijua wanaweza kuigeuza shaka. Kuhusu haki kati ya nchi, sidhani wanatuchukia wala kupenda wengine. Kipimo wanacho, ila kinarefuka na kufupika kulingana na mlango. Anayebaki amepimwa vibaya ni mama.

Nasikitika, wakuu. Laiti ningevunja ile mila siku ile mwenyewe, bila yeye kulazimika kuniomba.

Semeni yenu, hata wa kunitukana karibu. Ila kama kuna mtu humu anafanya kazi na watu hao, naomba awafikishie habari. Mama mkwe ameweka viti viwili sebuleni, vinatazamana, na anavipangusa vumbi kila asubuhi. Hakuna aliyerudi.