Nyuzi za Ubongo wa Lemayani

Niliondoka Dar es Salaam nikiwa na hasira, na sitawadanganya kwamba zilipungua njiani. Kazi yangu ni kuendesha mashine ya MRI katika mradi unaopima unene wa nyuzi za fahamu ndani ya ubongo. Vijana waliougua malaria ya kichwa utotoni huja kupigwa picha, ili ijulikane kama ugonjwa ule uliziacha nyuzi zao salama. Mmoja wao ni Lemayani, mfugaji wa Mazingara kule Handeni. Yeye alipigwa picha nikiwa likizo. Niliporudi na kuzifungua, nikaona upande wa mbele wa kichwa umepinda na kuingia giza, kama inavyotokea chuma kikiwa karibu. Nikamuuliza mwenzangu kijana alikuwa amevaa nini. Akasema hakuvaa kitu chochote cha chuma, ila nywele zake zilikuwa zimesukwa na kupakwa ule udongo mwekundu wa Kimasai.

Udongo ule ni mwekundu kwa sababu una chuma, na mashine yetu ni sumaku. Kompyuta ililisoma giza lile ikatoa jibu kwamba nyuzi za mbele zimeharibika. Daktari mkuu wa mradi hakujisumbua hata kuzitazama picha. Alipiga simu moja kwa moja nyumbani kwa kijana, akawapa habari hiyo.

Nilipomweleza kosa akanijibu, "Basi mtoe kwenye hesabu, tuendelee."

"Na familia yake?"

"Hiyo si kazi yetu."

Nikaomba ruhusa, nikakata tiketi.

Korogwe niliingia mchana, jua kali. Wengi wenu mnajua ni kwetu, lakini safari hii sikupita nyumbani kwanza. Lemayani alikuwa ameniambia kwa simu kwamba siku hizi yuko mjini, analinda duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Nilimkuta amekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, rungu mapajani, kichwa kimenyolewa mpaka kinang'aa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nywele ziko wapi?"

"Mama alininyoa. Walisema kichwa kimeoza ndani."

Akanieleza yaliyofuata. Ng'ombe aliokuwa akiwachunga walikabidhiwa mdogo wake, kwa kuwa mtu mwenye kichwa kibovu hawezi kuachiwa mifugo. Kwa kina Nasieku, mchumba wake, waliposikia wakavunja uchumba. Yeye akaona aibu kukaa nyumbani bila kazi, akaja mjini.

"Na ule udongo siku ya hospitali, nani alikupaka?"

"Mama. Alisema siwezi kwenda hospitali kubwa mbele ya wageni bila kupambwa. Alinisuka siku nzima."

Mama wa watu aliipa hospitali yetu heshima yake yote, na sisi hatukuona hata sababu ya kumuuliza mwanawe kwa nini kichwa chake ni chekundu.

Nikamwambia kosa lilikuwa letu, na kesho yake asubuhi tukapanda basi mpaka Mkata ili nikawaeleze kwao. Njiani Lemayani akataka kujua mashine inapimaje uzi ulio ndani ya fuvu.

"Hatuuoni uzi wenyewe," nikamwambia. "Ndani yake kuna maji, na maji hayatulii. Uzi ukiwa mwembamba hayana nafasi ya kwenda pembeni, kama ng'ombe kwenye kile kichochoro cha josho. Ukiwa mnene yanasogea zaidi. Tunaangalia maji yamesogea kiasi gani, halafu tunakisia upana wa uzi."

"Mnakisia."

"Tunakisia. Na zile nyuzi nyembamba sana mashine yetu haiwezi kuzitofautisha kabisa. Ndiyo maana tunapima watu wengi na kuwalinganisha kwa makundi. Mtu mmoja peke yake hafai kupewa hukumu."

Akatazama nje ya dirisha. "Lakini mimi mlinipa," akasema.

Mazingara tulifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Baba yake, Mzee Saning'o, alinisalimu, "Takwenya." Nikaitikia, "Iko." Mama akaleta chai ya maziwa, akakaa nyuma ya mwanawe. Mzee akatuma watu waitwe, wale wale waliokuwapo siku ya simu ya daktari. Walipotimia nikaeleza yote, udongo, chuma na giza la kwenye picha.

"Kwa hiyo nyuzi zake ni nzima?" akauliza mzee.

Ningependa sana kusema ndiyo. "Sijui, mzee. Mashine yetu haiwezi kusema hivyo kwa mtu mmoja."

"Haiwezi kusema ni nzima. Iliwezaje kusema ni mbovu?"

Mzee akaendelea kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kelele. "Hapa kwetu, neno likisemwa mbele ya wazee, anayelifuta ni yule aliyelisema, mbele ya hao hao. Wewe hukusema. Alisema yule bwana wa kwenye simu, na simu iliwekwa sauti kubwa, tukasikia wote."

Nikatoa simu yangu, nikaweka sauti kubwa, nikampigia daktari. Nilikuwa nimesema tu kwamba niko Mazingara, akanikatiza.

"Bado unahangaika na yule wa udongo kichwani? Zile picha ni takataka, nilishakwambia. Mtoe, tuendelee."

Mzee Saning'o akaisogelea simu. "Daktari, mimi ni baba yake. Sema tena polepole, wazee wasikie."

Daktari akakohoa. "Picha zilikosea, mzee."

"Picha, au wewe?"

"Sisi," akasema mwishowe. "Tulikosea. Hatujui ubaya wowote wa kichwa chake."

Mzee akaingia ndani, akatoka na fimbo ya kuchungia, akampa mwanawe mbele ya wote. Lemayani akaipokea kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa akilia na hakujificha.

"Na Nasieku?" Lemayani akauliza.

Baba yake akatazama chini. "Ameshaolewa, mwanangu. Kiteto."

Hapo hapakuwa na simu ya kupiga.

Sasa ni jioni, niko Mkata nasubiri basi la kurudi. Nilichojifunza ni hiki, na nakiandika nikiwa bado nina hasira: kipimo kinachokisia hakina haki ya kumhukumu mtu, na anayekitumia kuhukumu hana haki ya kusema hiyo si kazi yake. Daktari amenipigia mara kadhaa tangu mchana, anataka kujua nani alinipa ruhusa ya kumwaibisha. Nitamjibu nikifika. Nitampa kwanza namba ya baba yake Nasieku, niliyoipata kwa Mzee Saning'o, ampigie kukiri kosa, nami nikae hapo hapo nisikilize atakavyoanza.