Miguu, Basi

Barabara ilikuwepo, isingekuwepo, na hadithi isingekuwepo. Ilipita mbele ya lango la shule, ikapita mlangoni kwa fundi cherehani, ikateremka hadi kwenye nyumba za ghorofa zenye nguo zinazoning'inia madirishani. Kila siku ya shule, saa moja kasorobo asubuhi, magari yalijaa humo kama njiti ndani ya kiberiti. Yananguruma yote, halisogei hata moja. Na moshi wake! Paka mweupe akivuka kutoka upande huu, alifika upande wa pili mweusi, na mwenyewe akamfukuza akidhani ni wa jirani. Kunguru waliopita juu walikohoa. Anayebisha akamuulize paka.

Aliyeijua barabara hiyo kuliko wote ni Bi Filimbi. Shule hakuisoma, aliifagia. Miaka ishirini na sita alishika ufagio wa halmashauri nje ya lango lile, na akipenda kusema kwamba elimu yake ni ile iliyomwagika nje ya ukuta. Herufi zilimpita kando, lakini magari aliyajua kwa moyo: lipi hubeba mtoto mmoja, linatoka nyumba gani, na kwamba nyumba yenyewe iko hatua mia tatu tu kutoka langoni.

"Watu siku hizi wana miguu ya maonyesho," alisema. "Wanaivika viatu vizuri, wanaipandisha garini, wanaishusha, basi."

Hilo neno "basi" lilikuwa lake. Hakumaliza maneno bila kulifungia mwishoni, kama fundi asivyomaliza pindo bila fundo. Liwekeni akilini, maana ndilo lililotaka kumtia shimoni.

Filimbi aliinunua siku aliyostaafu, apate cha kupigia kelele badala ya ufagio. Alipoipuliza mara ya kwanza, lori lilisimama, na saa ya ukutani kwa jirani, iliyokufa mwaka mzima, ikaanza kutembea.

Kustaafu hakukumpa raha. Mjukuu wake, msichana wa miaka saba waliyemwita Kifaranga, alikuwa na pumu. Jina lilitokana na kifua chake: akivuta pumzi kililia chwi-chwi-chwi kama kuna vifaranga ndani. Kila asubuhi akifika langoni alikuwa ameshaitoa dawa yake ya kuvuta. Daktari alitaja mchawi wake waziwazi: moshi. Bibi mtu akasikia.

Kesho yake alichomoa kamba ya kuanikia nguo, akaifunga mafundo kumi. "Shika fundo," alimwambia mjukuu, wakapita uchochoro wa nyuma ya ghorofa, kusikopita gari. Siku ya pili mama mmoja akasema, "Bibi, na wangu je?" Siku ya tatu wakaja wawili. Ukafika mwezi wa tatu, kamba imeungwa na kamba, mafundo thelathini na moja na kila fundo lina mtoto, na nusu ya ghorofa wanaanika nguo kwenye viti kwa kukosa kamba.

Mkia wa kamba aliushika shoga yake, fundi cherehani.

"Kila siku mimi nyuma," Fundi alilalamika. "Kwani mbele kuna nini?"

"Kuna haraka, shoga. Ukikaa wewe mbele tutafika shuleni wakati watoto wanarudi nyumbani."

Tatizo lilikuwa hatua kumi na mbili tu. Uchochoro uliishia barabarani, na hapo lazima wavuke kufika langoni. Jumatatu moja gari lilirudi nyuma bila kuangalia, likakanyaga kamba, likaondoka na begi la mtoto. Mtoto hakuguswa, lakini mwalimu mkuu aliyaona yote kutoka dirishani, akatoka mbio na kiatu kimoja.

"Bi Filimbi, nakuheshimu kama mama yangu mzazi," alisema. "Lakini sitaki kuzika mtoto. Mwisho wa mwezi uwe na fulana za kung'aa, kivuko kilichopakwa rangi, na mtu mzima wa kusimamisha magari. La sivyo, kila mtoto arudi kwenye gari la kwao."

Kila mtoto. Bi Filimbi alimtazama Kifaranga, ambaye asubuhi ile alikuwa ameingia darasani akikimbia. Akikimbia! Dawa iko mfukoni, haijaguswa. Aliikunja kamba iliyokanyagwa, akaondoka.

Redio ya Fundi ndiyo iliyojibu. Jioni hiyohiyo ilitangaza kwamba halmashauri imetenga ruzuku kwa yeyote mwenye mradi wa kupunguza safari za magari na moshi wake.

"Imetenga nini?" Bi Filimbi akauliza.

"Ruzuku."

"Shoga, anayeruzuku ni Mola peke yake. Halmashauri nimeitumikia miaka ishirini na sita. Hata ufagio mpya nilikuwa naupata kwa machozi."

"Ndiyo Mola kapitishia huko. Vaa viatu."

Karani wa halmashauri alikuwa kijana mwenye miwani na adabu, macho yake kwenye kompyuta. Aliuliza, akabonyeza, akauliza tena.

"Mradi unatumia chombo gani, mama?"

"Chombo cha nini? Miguu."

"Miguu haimo humu. Kuna baiskeli, kuna treni, kuna..."

"Mwanangu, nimekwambia miguu, basi!"

"Aa, basi! Ungesema mapema." Akabonyeza. "Linabeba wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Na mafuta?"

"Tumepunguza. Daktari hataki tule mengi."

Karani akaandika: mafuta, kidogo.

Wiki mbili zikapita, barua ikaja. Fundi alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi mweusi, akasoma kwa sauti ya kutangaza vita: "Mwombaji. Basi lako litakaguliwa Alhamisi, saa moja kamili asubuhi. Liwe safi. Moshi utapimwa. Basi lililozidi miaka kumi halitapewa ruzuku."

Wakatazamana. Fundi alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Bi Filimbi hakucheka.

"Mwisho wa mwezi ni Ijumaa," alisema.

"Twende tukawaambie wamekosea."

"Tukiwaambia wamekosea, watatwambia tuanze upya, na upya wao ni mwezi ujao. Ametumwa kukagua? Aje akague."

Alhamisi ilipokucha, ghorofa nzima ilikuwa macho. Barua imesema basi liwe safi, basi lilisuguliwa! Watoto thelathini na mmoja walioshwa masikio, wakachanwa nywele, na viatu viling'arishwa hadi kunguru wakashuka kujitazama. Kamba yenyewe ilifuliwa.

Mkaguzi alikuwa pande la mtu, na sanduku la kipima moshi begani, mpira wake mrefu unaburuzika nyuma kama mkia. Gari lake lilikuwa limekwama kwenye foleni. Alimwachia dereva akaja kwa miguu, jasho linamtiririka.

"Basi liko wapi?"

"Hilo hapo," alisema Bi Filimbi, akaonyesha kamba.

"Mama, usinitanie. Nina kazi."

"Na mimi nina kazi, baba. Si unakwenda langoni? Panda. Basi halikaguliwi limesimama."

Mkaguzi alilitazama gari lake kule chini: halijasogea. Akashika fundo la thelathini na mbili, lililofungwa usiku wa jana makusudi mbele kabisa, ubavuni kwa Bi Filimbi.

Wakaondoka. Mwendo wa watu wadogo ni mkali. Mkaguzi alihema, lakini kalamu haikulala.

"Lina umri gani?"

"Miezi minne. Konda wa nyuma ndiye aliyezidi miaka kumi."

"Nimesikia!" Fundi alipaza sauti kutoka mkiani.

"Breki?"

Pwiiii! Watoto wote thelathini na mmoja waligota papo hapo. Mkaguzi akaendelea, akajikuta peke yake mbele ya msafara.

"Breki za basi nzima," alisema Bi Filimbi. "Za mkaguzi ndizo zina kasoro."

Watoto wakaangua kicheko, na mkaguzi, apende asipende, akacheka.

"Zamani walikuja na nini hawa?"

"Magari kumi na tisa." Akayataja yote bila karatasi: jeupe la ghorofa ya tatu, la bluu lenye mlango wa kijani, lile la baba anayepiga honi hata akiwa peke yake barabarani. Mkaguzi aliandika kumi na tisa, akazungushia duara.

Wakavuka zile hatua kumi na mbili roho mkononi. Langoni, mkaguzi aliuchomeka mpira wake kwenye bomba la gari lililokuwa linanguruma. Mshale uliruka hadi kwenye rangi nyekundu, ukabaki pale unatetemeka.

Kifaranga alimvuta koti. "Na mimi nipime."

Mkaguzi alimtazama bibi. Bibi aliinamia kifua cha mtoto. Alikuwa anasikiliza. Mtoto alivuta pumzi, ndefu, ndefu, akaijaza hadi mabega yakapanda, na hapakusikika chwi hata moja. Akapuliza kwenye mpira. Mshale ulilala usingizi.

Mkaguzi alivua kofia. "Mama, mimi nimeridhika. Shida ni fomu. Fomu ni ya basi. Nikiandika 'hakuna basi', faili lenu linafungwa leo."

"Usiandike uongo, mwanangu. Andika ulichokiona. Umeona moshi?"

"Hakuna moshi."

"Hakuna moshi, basi!"

Mkaguzi akayarudia maneno hayo polepole. Mdomo ukaanza kumcheza. Akaegemeza karatasi kwenye ukuta wa shule, na kwenye kisanduku cha matokeo akaandika kwa herufi kubwa maneno yaleyale: HAKUNA MOSHI, BASI. Akagonga muhuri, ukuta ukatikisika.

Karani alisoma akaona sawa: basi lipo, moshi hakuna. Akapitisha. Wengine husema mkaguzi aliisimulia kamati nzima, na walicheka hadi meza ikavunjika mguu. Kwa vyovyote, Ijumaa kabla ya kengele mwalimu mkuu alikabidhiwa barua yenye muhuri, akaisoma mara tatu, akamkumbatia Bi Filimbi na filimbi yake. Jumatatu zikaja fulana za kung'aa, yakaja makopo ya rangi, akaja mtu mwenye kibao cha kusimamisha magari, mrefu kiasi kwamba madereva walisimama kwa kumshangaa tu.

Na kwa kuwa vitabuni mwa halmashauri ni basi, wakaja mafundi na nguzo yenye picha ya basi, wakaichimbia mlangoni kwa Fundi. Walipoambiwa hakuna basi, walisema wao hutumwa nguzo, hawatumwi maswali.

Asubuhi moja mgeni aliyeshika mkoba alisimama chini ya nguzo ile, anatazama saa.

"Shikamoo, mama. Basi linapita saa ngapi?"

"Marahaba. Saa moja kamili. Halijawahi kuharibika hata siku moja."

"Linajaa sana?"

"Nafasi haikosekani," alisema Bi Filimbi, akafunga fundo jingine. Kifaranga alikuwa tayari mbele ya kamba, anarukaruka. "Shika hapa, baba. Tunaondoka."